Watoto wa Maweni na Njia ya Baharini

Nilizaliwa Malindi mwaka 1973, na nilijua saa ya maji kabla sijajua saa ya ukutani. Bibi ndiye aliyenisomesha. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: mnamo saa nne za asubuhi maji yamekwisha kupwa, miamba iko wazi, na mtu anaweza kutembea mbali bila kulowa magoti. Baina ya bamvua na bamvua ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na siku hizo Bibi hakutaka kusikia habari za pwani. Siku za bamvua alikwenda na wanawake wenzake kutanda dagaa kwa shuka, na sisi wajukuu tukifuata nyuma na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa chini. Kazi yetu ilikuwa kushika kopo na kunyamaza.

Pwani tuliifikia kwa kinjia. Kilianzia nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wetu wa Shela, kikapita chini ya mikilifi, kikakata shamba la minazi la mtu ambaye hatukuwahi kumwona, kikatokea kwenye mivinje na mchanga. Watu wawili waliweza kupishana, basi. Wavuvi walipita alfajiri na nyavu mabegani, kina mama walipita na ndoo, na sisi baada ya chuo cha Kurani tulipita mbio. Huko ndiko nilikojua kwamba mtu akiingia majini huburuta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa aliyejifukia mchangani asikie na kuondoka. Ndiko nilikojua kwamba maji ya Malindi hugeuka rangi ya udongo wakati wa masika kwa sababu Mto Sabaki unaleta ardhi ya watu wa bara, hadi Ukambani, na kuimwaga mlangoni petu. Hakuna mwalimu aliyenieleza hayo kwa chaki. Mjomba aliokota fumba la tope akanambia, "Hili lilikuwa shamba la mtu." Nilikuwa na miaka minane au tisa, na mpaka leo nikifundisha mmomonyoko wa udongo nasikia sauti yake.

Kwa msichana, elimu hiyo ilikuwa na mwisho. Nilipokaribia kuwa mwari, ruhusa ikakatwa bila mjadala. Kaka zangu waliendelea kwenda, wakarudi jioni na chumvi kwenye nyusi, wakasimulia. Mimi nilijua siku ya bamvua kwa kuutazama mwezi uani, nikabaki pale pale uani. Mama hakuwa mkali. Aliogopa maneno ya watu, na aliogopa watalii waliokuwa wakitembea ufuoni nusu uchi, na katika mji wetu wa miaka ile hofu zote mbili zilikuwa na sababu. Lakini naandika haya ili ijulikane kwamba tunaposema watoto wa pwani walilelewa na bahari, mara nyingi tunawasema wavulana.

Na hata wavulana, si wote. Darasani kwetu nusu ya wanafunzi walitoka Maweni na Kisumu Ndogo, mitaa ya upande wa bara wa mji. Baba zao walichonga mawe ya matumbawe, walipika hotelini, walisukuma mikokoteni. Wengi walikuwa wametoka Ganze, Bamba, Magarini, wengine mbali zaidi. Kutoka nyumbani kwao hadi baharini ni mwendo ambao mtu mzima hauhesabu kuwa safari. Hata hivyo wengi wa wenzangu hao waliiona bahari siku za Idi, Krismasi na Mwaka Mpya, mji mzima unapomiminika ufuoni, nao wakiwa wamevaa nguo mpya walizoonywa wasizilowanishe. Baada ya shule walikuwa na maji ya kuteka, wadogo wa kulea, karanga za kuuza. Kinjia chetu hawakukijua, kwa sababu kinjia hujulikana na wanaokaa karibu nacho.

Kusini ya mji, upande wa Casuarina, ilikuwako Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Yetu na ile ya Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na zilikuwa za kwanza za baharini nchini Kenya. Sisemi neno baya juu ya hifadhi hizo; bila ya ulinzi ule, matumbawe na makombe yangekuwa yameuzwa barabarani yote. Mashua zenye sakafu ya kioo zilipeleka wageni kutazama changu, tafi na pono wakizunguka miamba. Katika darasa letu aliyewahi kuchungulia kioo kile alikuwa mtoto wa nahodha peke yake. Tulimzingira wakati wa mapumziko atueleze, na alijua thamani ya alichokiona, kwa hiyo alitueleza kidogo kidogo, kwa malipo ya viazi karai.

Kisha kinjia kikafungwa. Sikumbuki ilikuwa mwezi gani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, Malindi ikijengwa kwa kasi na Waitaliano wakizidi kuja. Shamba la minazi liliuzwa. Palitokea kwanza waya, baadaye ukuta wa mawe, mawe yale yale yaliyochongwa na baba za wenzetu. Wavuvi walikwenda kulalamika wakaambiwa karatasi ziko sawa. Mlangoni palikuwa na askari kijana, mwenye adabu, aliyewaambia watoto, "Wadogo zangu, zungukeni kule kwa jeti." Kuzunguka kwa jeti, yaani gatini, kuliwezekana, na wavulana walizunguka. Waliokoma kwenda ni wanawake wenye ndoo, wazee, na watoto wadogo waliokuwa wakiwafuata. Bibi alikwenda kwa njia ya jeti siku chache, akasema jua ni kali, akaacha. Baada ya hapo dagaa tulinunua sokoni. Ukitazama ramani utasema mji haukupoteza kitu, ufuo uko pale pale. Tena umepanuka, maana mchanga wa Sabaki umeisukuma bahari mbali na hoteli za zamani. Kilichopotea ni njia tu, na pamoja nayo wakapotea wale waliokuwa wakiitumia kwa miguu mifupi.

Msitu ulikuwa habari nyingine. Kila aliyepanda basi la Mombasa aliupita: ukitoka Malindi, baada ya Gede, miti inaanza kuume na inakwenda nawe kwa muda mrefu. Ni Arabuko-Sokoke, kilomita mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu wa pwani wa aina yake katika Afrika Mashariki. Watoto wa mjini tuliujua kwa dirisha la basi na kwa vitisho: kuna ndovu, kuna nyoka, kuna majini. Niliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1986, kwa sababu mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa Klabu za Wanyamapori za Kenya, zile zilizoanzishwa mwaka 1968, na alikuwa akipokea jarida lao la Komba na kutusomea. Mzazi mmoja wa Maweni alitoa lori la mawe. Tulipanda nyuma, tukaimba njia nzima hadi Gede.

Magofu ya Gede yako ndani ya miti, na kima wamekaa humo kama wenye nyumba. Tulipita kwenye msikiti mkuu na jumba la mfalme, tukaelezwa kuwa mji ulihamwa katika karne ya 17, kisha mwalimu akatupeleka msituni kwenyewe na kututaka tukae chini, kimya, migongo kwenye miti. Hapo ndipo nilipomwona sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha manjano, akifukua majani makavu hatua chache kutoka kwenye viatu vyangu. Mwalimu alituambia kwamba sange wa aina ile ulimwenguni anakaa hasa katika msitu huu. Akatuambia pia juu ya bundi mdogo wa Sokoke, ambaye hutoshea mkononi. Tulishtuka kusikia bundi akisifiwa. Kwetu bundi akilia juu ya paa huchomwa ubani. Mwalimu hakutucheka. Alisema, "Mwogope ukitaka, lakini mjue."

Kando yangu alikuwa msichana wa Kigiriama wa Maweni, ambaye nyanyake alikuwa akiishi ukingoni mwa msitu ule, upande wa Gede. Darasani alikuwa hasemi. Siku hiyo alisema tangu tulipoteremka lorini. Alituonyesha mrihi na mbambakofi, akachuma vitoria akatugawia, akamsahihisha mwalimu juu ya jina la mti, na mwalimu akaandika. Lakini alipomwona askari wa msitu akija alinyamaza ghafla na kusimama nyuma yangu. Baadaye nilimwuliza. Alisema msituni kwao si kucheza, ni kuni. Huingia alfajiri na nyanya yake, wakisikia nyayo hutupa mzigo na kukimbia. Alikuwa akiujua msitu kuliko sisi sote na hakuwahi kukaa chini ndani yake bila hofu. Nimesoma mengi baadaye kuhusu watoto na mazingira, na sijapata maelezo ya suala hili yaliyozidi uzito wa uso wa yule msichana. Mimi nilinyimwa msitu kwa kutoujua. Yeye alinyimwa kwa kuwa maskini karibu yake.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa shule ya msingi hapa hapa Malindi, miaka ya tisini, na mambo yalikuwa yakisogea. Mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo pale Gede: wakulima wa ukingoni hufuga viwavi, pupa zake zikauzwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo ng'ambo, na fedha zikarudi vijijini. Kwa mara ya kwanza niliwasikia watu wa Gede wakiuzungumzia msitu uliosimama kuwa ni shamba. Mwaka 1998 maji ya bahari yakapata joto kupita kiasi na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ikageuka nyeupe na kufa. Manahodha walirudi na nyuso za msiba. Wanafunzi wangu waliniuliza nini kimetokea, nami nilikuwa na watoto arubaini mbele yangu ambao wengi hawakuwahi kuliona tumbawe likiwa hai.

Kisha Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure, na madarasa yakafurika. Namshukuru Mungu kwa siku ile. Niliandikisha wasichana wa miaka kumi na moja katika darasa la kwanza. Lakini madarasa yaliyofurika hayana nafasi ya kutoka nje, na ziara haikuwa bure. Mzazi alitakiwa kutoa shilingi mia mbili, walioweza walitoa, walioshindwa walibaki wakifagia darasa. Mvulana mmoja wa Kisumu Ndogo, hodari wa hesabu, aliumwa tumbo kila siku ya ziara. Nilikwenda kwao jioni moja kumtazama. Mama yake alinikaribisha, akanipa kigoda, akasema kwa sauti ya chini mtoto asisikie: "Mwalimu, hana tumbo. Hana mia mbili."

Wiki hiyo tulikaa ofisini na walimu wenzangu tukakubaliana kwamba ziara ambayo hata mtoto mmoja ataachwa kwa fedha haitafanyika. Wengine walisema basi hakutakuwa na ziara. Kwa muhula mzima hakukuwa. Lakini neno likienea mtaani hufanya kazi yake. Mwenye matatu alikubali kutupeleka Jumamosi asubuhi kwa bei ya petroli, kabla ya abiria wa soko. Mama mmoja alitoa mahamri, mwingine mbaazi. Na tuligundua, kwa kulazimika, kwamba sehemu kubwa ya tulichokuwa tukikilipia ilikuwa karibu: ufuo wa jeti tunaweza kwenda kwa miguu, na kule Mida maji yakipwa kuna ulimwengu mzima wa kusoma bila tiketi ya mbuga.

Mida ndiko ninakokupenda zaidi. Ni ghuba ya mikoko nyuma ya Watamu, na watu wa A Rocha Kenya wamejenga humo njia ya mbao ya kuning'inia, inayopita juu ya mizizi ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Mradi wao ulioanza mwaka 2001 huchukua fedha za wageni wanaozuru na kuwalipia karo ya sekondari watoto wanaoishi kando ya msitu na ghuba. Kwa maoni yangu hilo ni wazo bora kuliko yote yaliyoingia katika pwani hii enzi yangu, maana linamlipa mtoto anayekatazwa kukata miti. Kuanzia Septemba ghuba hujaa ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kuna mmoja mweupe na mweusi, mla kaa, ambaye huzalia pwani za Uarabuni na Ghuba halafu akaja kukaa kwetu. Nilipowaeleza hivyo, msichana mmoja wa darasa la tano alisema, "Kama ami yangu. Yuko Omani, huja Ramadhani." Alimfuata ndege yule kwa darubini asubuhi yote, akakataa kumpa mtu mwingine zamu.

Desemba 26, 2004 mawimbi yaliyotoka Sumatra yalifika hadi huku, na kwa mwaka mzima wazazi hawakutaka kusikia habari za bahari. Sikuwalaumu. Tulianza upya kwa mikutano, nikiwakalisha baba na mama pamoja na mvuvi mzee aliyewaeleza jinsi maji yanavyoenenda. Hoja ya wasichana ilikuwa nzito zaidi. Baba mmoja alinambia, "Mwalimu, wewe ni mtoto wa hapa, unajua." Nilimwambia ndiyo, najua, na kwa sababu najua nitakwenda nao mimi na walimu wa kike, wamejisitiri, asubuhi, mahali pasipo na watu, na akitaka mama yao aje. Alifikiri siku mbili kisha akatia saini. Kuna pia msichana wetu anayetumia kiti cha magurudumu. Kwenye mchanga mkavu magurudumu yanazama, na mara ya kwanza alibaki kwenye mivinje akitutazama. Ndipo nilipolikumbuka somo la Bibi: siku za bamvua maji yakipwa huacha mchanga mpana, mbichi, mgumu. Tangu hapo ratiba ya ziara zetu inapangwa kwa mwezi, na msichana yule hufika mahali ambapo miguu yake inaguswa na maji.

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Nilikisoma kifungu hicho darasani, na mvulana akauliza mara moja: "Na ya kupita kwenda huko?" Ndilo swali lenyewe. Ufuo wa Kilifi na Malindi ni wetu kwa sheria, lakini anayekaa Maweni hafiki ufuoni kwa kuruka. Kila kiwanja kinachopimwa kando ya bahari bila ya kuacha njia, na kila njia ya umma inayoishia kwenye geti, inawakata watu wa nyuma, hasa wasio na gari la kuzungukia wala fedha ya kununua soda hotelini ili waruhusiwe kukaa. Mtaa wetu umeandika barua juu ya vinjia vinne vya zamani. Wazee wamevichora kwa kumbukumbu, mimi nimeandika maelezo, na wanafunzi wa darasa la saba wamepima upana kwa kamba. Kimoja kimefunguliwa. Kile cha Bibi bado.

Mwaka huu darasa la nne linakwenda Arabuko-Sokoke, na mwongozaji wao atakuwa kijana wa kijiji cha ukingoni aliyesomeshwa kwa fedha za Mida. Nilipokuwa nikikusanya barua za ruhusa, mama mmoja wa Maweni, mchuuzi wa mboga, aliirudisha yake ikiwa na saini lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni pa ofisi akiikunja ncha ya mtandio wake. Akaniuliza kama wazazi nao wanaruhusiwa. Amekaa Malindi tangu aolewe, akasema, na msitu ule ameupita kwa basi miaka yote akienda kwao Mtwapa, hajawahi kuteremka. Nilimwandika. Kesho yake walikuja wengine watatu na ombi hilo hilo, na sasa ninatafuta matatu ya pili.